GTA San Andreas: uhuru wa kuzurura upo, wa kuamua je?

Kwenye banda la gemu ninalochezea hapa Mwanga, Kigoma, foleni ndefu huwa ya mpira. Mimi nakaa pembeni, kwenye PS2 kuukuu (mashine ya gemu ya PlayStation 2) yenye San Andreas ya mwaka 2004. Nimeshaimaliza, nikairudia kwenye simu, na bado hainichoshi.

Ninachoipendea zaidi ni mwili wa CJ, mhusika unayemchezesha. Mlishe baga na piza kila saa, ananenepa. Mpeleke jimu, anajaa misuli. Msahau bila chakula, anakonda na misuli inapukutika. Kuogelea pia anajua, si kama Tommy wa Vice City, gemu ya GTA iliyotangulia, ambaye akitumbukia majini habari yake imekwisha. Tena ukimzamisha mara kwa mara, pumzi inaongezeka. Sisi wa ziwani hilo halihitaji maelezo. Na karibu yote hayo ni hiari yako.

Kuna jamaa mmoja hapo bandani, dereva wa bodaboda. Analipia nusu saa yake, ndani ya gemu anachukua teksi, anabeba abiria, basi. Taa ikiwa nyekundu anasimama! (Barabarani sijawahi kumwona akisimama hivyo.) Wenzake wanapiga kelele, "Pita bwana, unamsubiri nani?", yeye wala. Na gemu inamlipa: ukifikisha abiria 50, teksi zinapata naitrosi (gesi ya kuongeza kasi) na uwezo wa kuruka. Ambulensi nayo, ukibeba wagonjwa hadi umalize ngazi ya 12, kiwango cha afya ya CJ kinapanda.

Ukiingia kwenye misheni, yaani kazi za hadithi yenyewe, ndipo unabanwa. Ile ya kufukuza treni, Big Smoke, mwenzake CJ, amepakiwa nyuma kwenye pikipiki anapiga risasi: treni ikikuacha, umefeli, rudia. Na hadithi yenyewe haijali umemlea vipi CJ. Awe kibonge, awe baunsa, mwisho ni uleule, na wa kumsamehe au kumfuata huchagui wewe. Gemu nyingine, The Witcher 3 ya 2015, inakuuliza, na majibu yako yanabadilisha mwisho. Kwa hiyo wanaosema San Andreas ina uhuru wote, mimi siungani nao.

Ramani nayo inafunguka kidogo kidogo. Ukilazimisha kuvuka kwenda San Fierro, mji mwingine wa gemu, kabla ya wakati wake, nyota 4 za kusakwa na polisi papo hapo. Hilo halinikeri hata kidogo, kukimbizwa ni burudani tosha.

Ukichezea kwenye simu, tafuta pedi ya bluetooth. Kuendesha ndege kwa vidole gumba vyenye jasho ni mateso.