Unga wa Kisukari Unaouzwa Moshi: Chakula Kizuri, Lebo ya Hatari

Maduka mengi ya nafaka mjini Moshi siku hizi yana rafu ya unga uliofungashwa vizuri na kuandikwa kwamba ni maalumu kwa wenye kisukari. Ninaoutathmini hapa niliununua katika duka moja la nafaka katikati ya mji, kwa shilingi 7,000 kwa kilo, wakati kilo ya dona dukani humo ilikuwa shilingi 2,000. Nilimnunulia mama yangu mzazi, ambaye anaishi na kisukari aina ya pili na anatumia vidonge vya metfomini kwa maelekezo ya kliniki. Jina la mfungashaji nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa maneno yaliyo kwenye pakiti yake yanapatikana kwenye pakiti nyingine nyingi, na maneno hayo ndiyo yanayostahili kuchunguzwa zaidi kuliko unga wenyewe.

Kama chakula, unga huu hauna ubaya. Ni mchanganyiko wa ulezi, mtama, soya, mbegu za maboga, ndizi mbichi zilizokaushwa na majani ya mlonge, wenye rangi ya kahawia na chembechembe za kijani. Soya imekaangwa vya kutosha kabla ya kusagwa, kwa hiyo uji hautoi ile harufu ya maharage mabichi ambayo huharibu unga mwingi wa lishe. Uji wake ni laini na unashibisha kwa muda mrefu. Ugali wake haushikani vizuri, hukatika mkononi, na uchungu wa mlonge hubaki ulimini. Mama amekulia kwenye kiburu na mtori, vyakula vyetu vya ndizi. Uji aliumaliza, ugali akausogeza pembeni kwa adabu.

Tatizo linaanza mbele ya pakiti, palipoandikwa kwa herufi kubwa kwamba unga huu “hauna sukari kabisa”. Ukigeuza pakiti hiyohiyo, jedwali dogo la nyuma linakueleza kwamba kila gramu 100 zina protini gramu 14, nyuzinyuzi gramu 10 na wanga gramu 66. Ni kweli kwamba hakuna sukari iliyoongezwa, lakini wanga ukishafika kwenye utumbo huvunjwa na kuwa glukosi, na glukosi hiyo ndiyo inayoonekana kwenye mashine unapotoboa kidole. Unga wa dona una wanga wa takribani gramu 75 katika gramu 100. Tofauti ipo, na nyuzinyuzi na protini za unga huu husaidia kupunguza kasi ya sukari kupanda, lakini hiyo si ruhusa ya kula bila kipimo.

Tulipima nyumbani. Mama alianza chakula cha mchana akiwa na sukari ya damu ya 7.4 (kwa kipimo cha mmol/L), akala sahani ya kawaida ya ugali wa unga huu kwa sababu aliambiwa kuwa hauna madhara, na saa mbili baadaye mashine ikasoma 13.6. Siku nyingine alianza na kiwango kinachokaribiana na hicho, akala ugali wa dona wa kawaida wenye ukubwa wa ngumi yake, pamoja na mchicha mwingi na maharage, na baada ya saa mbili alikuwa na 9.3. Vipimo vya mtu mmoja si utafiti, na kila mwili una namna yake, lakini vinakubaliana na yale ambayo wauguzi wa kliniki za kisukari husema kila mara: kiasi cha wanga kwenye sahani na vinavyoliwa pamoja nacho vina uzito mkubwa kuliko jina la unga. Imani kwamba dona, mtama au ndizi za kupika “hazipandishi” imewafanya watu wengi wa huku kwetu wale bakuli mbili za mtori wakiwa na amani kabisa, huku wakijinyima kijiko kimoja cha sukari kwenye chai. Wapo pia wanaoitetea mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa hoja kwamba imetengenezwa kwa ulezi.

Pakiti inashauri uji huo utiwe asali badala ya sukari. Ushauri huu ni mbaya. Sehemu kubwa ya asali ni glukosi na fruktosi, na sukari ya damu hupanda kwa asali vilevile. Uchungu wa mlonge nao umetajwa kana kwamba kitu kichungu kikiingia mwilini hukipunguza kitamu. Ladha huishia mdomoni, na mtu anayekunywa shubiri au mwarobaini kila asubuhi kwa imani hiyo hana njia ya kujua hali yake mpaka apime.

Maneno yaliyonisumbua kuliko yote ni haya mawili: “huponya kongosho” na “kwa kila aina ya kisukari”. Muuzaji, kijana mchangamfu na mwenye heshima, aliyaongezea uzito. “Mchukulie mama huu, dada,” aliniambia. “Mwezi mmoja tu, vidonge ataviweka kando mwenyewe.” Sidhani kwamba alikusudia mabaya; alirudia alichoambiwa na msambazaji. Lakini hebu tufikirie mama mwingine aliyesimama kwenye kaunta hiyohiyo, mwenye mtoto wa miaka tisa mwenye kisukari aina ya kwanza. Kwa mtoto huyo, kinga ya mwili imeziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Hakuupata ugonjwa kwa kula peremende, wala mama yake hakukosea chochote. Akiacha sindano za insulini ili ajaribu unga, sumu ya asidi hujaa kwenye damu na anaweza kufa ndani ya siku chache. Kabla ya mwaka 1922, kijana Leonard Thompson alipokuwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini kule Toronto, Kanada, watoto wa aina hii walikufa mikononi mwa wazazi wao hata pale walipolishwa kwa uangalifu mkubwa. Hakuna nafaka iliyowahi kubadilisha jambo hilo.

Kwa wenye aina ya pili, hasara huja polepole zaidi, na pengine ndiyo maana lebo za namna hii huaminika. Mtu huacha vidonge, hahisi chochote kwa miezi kadhaa, akahitimisha kwamba amepona. Sukari iliyopanda kiasi inaweza kukaa mwilini bila maumivu yoyote huku ikiharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu. Ganzi miguuni na uoni hafifu huja baadaye, wakati madhara tayari yamefanyika. Kipimo kinachosaidia hapa ni HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa takribani miezi mitatu iliyopita na hakidanganyiki kwa mtu kufunga kula siku moja kabla ya kliniki.

Pembeni ya pakiti kuna sentensi inayodai kwamba dawa za hospitali “ni kemikali zinazochoma figo”. Metfomini haiharibu figo. Kinachoziharibu ni sukari ya juu ya muda mrefu, hasa ikiambatana na shinikizo la damu, na figo zikishadhoofika ndipo daktari hupunguza dozi au kuisimamisha, jambo ambalo mgonjwa hulitafsiri kinyume. Isitoshe, dawa hiyo ilitokana na uchunguzi wa mmea wa Galega officinalis uliotumiwa tangu zamani huko Ulaya, na daktari Mfaransa Jean Sterne aliandika juu ya matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Anayependa tiba za mimea basi hana sababu ya kuiogopa. Ipo pia hofu ya sindano, kwamba ukianzishiwa insulini umefika mwisho wa safari. Katika aina ya pili kongosho huendelea kuchoka mwaka hadi mwaka, na insulini hujazia kilichopungua. Kuna watu wanaoitumia kwa miaka mingi wakilima kahawa na kusomesha watoto.

Jambo jingine dogo lakini zito: pakiti inamtaka mgonjwa “asiguse kamwe kitu kitamu”. Mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge sukari yake inaweza kushuka chini ya 4, akatetemeka, akatokwa jasho jembamba na kuchanganyikiwa. Wakati huo anahitaji sukari haraka, kama vijiko vitatu hadi vinne vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Familia iliyoiamini lebo hii itasita, na kusita huko kunaweza kumpoteza mtu.

Nilitafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) sikuiona. TBS ndiyo inayosimamia usalama wa chakula tangu mwaka 2019, na bidhaa inayodai kuponya imeshatoka kwenye chakula na kuingia kwenye dawa, ambazo husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), au kwenye tiba asili, ambayo ina baraza lake. Pakiti hii haina namba ya usajili ya chombo chochote kati ya hivyo. Mwenye duka angeweza kumdai msambazaji vielelezo hivyo kabla ya kuipanga rafuni, na ninamwomba kwa dhati afanye hivyo.

Kwa uji wa asubuhi ningeupa unga huu alama nzuri. Kwa ugali, alama ya wastani. Kwa bei, alama ya chini. Na kwa lebo yake sina alama ya kuipa. Anayependa mchanganyiko huu anaweza kununua ulezi, mtama na soya soko la Mbuyuni, akaikaanga soya mwenyewe, akapeleka mashineni kusagwa, na bado akabakiwa na fedha. Sisi tumefanya hivyo, bila mlonge. Fedha iliyobaki imeingia kwenye vijiti vya kupimia sukari, ambavyo kwa kipato cha mstaafu bado ni ghali mno, na kikombe cha uji cha mama sasa ni kile kidogo cha bati, kimoja tu, kisicho na asali.