Lobster au League Gothic kwa bango lako?

Fonti zote mbili ni za bure, na zote zinabeba sura ya maandishi ya zamani. Kazi zake, hata hivyo, zinatofautiana sana.

Lobster ilitolewa mwaka 2010 na Pablo Impallari wa Argentina. Ni mwandiko mnene wa kuunganisha, unaokumbusha vibao vya maduka vilivyochorwa kwa brashi. Ninachokipenda zaidi ni ufundi uliojificha ndani yake: badala ya kulazimisha kila herufi iungane na jirani yake kwa mkia uleule, Impallari alichora maumbo kadhaa ya herufi moja, na programu huchagua linalofaa kulingana na herufi zilizo karibu. Ndiyo maana neno huonekana limeandikwa kwa mkono mmoja, bila kukatika. Ila usiiandike kwa herufi kubwa tupu, tafadhali. Haisomeki.

League Gothic ya mwaka 2009 inafufua fonti ya zamani iitwayo Alternate Gothic No. 1, ambayo Morris Fuller Benton aliibuni mwaka 1903 kwa kampuni ya American Type Founders. Herufi ni ndefu, zimebanwa kwa upana, na mistari yake ni minene. Hapo Kiswahili kinafaidika: "MAADHIMISHO" au "TUNAWAKARIBISHA" huenea kwenye mstari mmoja bila kupunguzwa ukubwa.

Kwa mgahawa au saluni, chukua Lobster, ingawa imetumika mno hadi imezoeleka. Kwa tangazo la mkutano au mechi, mimi huchagua League Gothic bila kusita.