Kitufe cha kurekodi simu: kimeniokolea vitambaa vya watu

Nashona nguo Morogoro, na wateja wangu wengi wananisomea vipimo kwa simu huku mguu wangu uko kwenye pedali. Mwaka jana mteja wa Dodoma alisema kifua thelathini na tisa. Daftarini nikaandika 36. Sita na tisa, cherehani inanguruma, mtandao unakatakata. Satini yake ya zambarau ikaisha hivyo, na nililipa.

Nikapakua programu ya bure ya kurekodi simu. Kwenye rekodi nikaisikia sauti yangu vizuri tu, "eeh, kiuno je?", halafu kimya, sauti ya mteja haimo kabisa. Fundi simu wa jirani akanieleza kwamba Android imekuwa ikiufunga mlango huo toleo kwa toleo, na tangu tarehe 11 Mei 2022 Google ilizikataza programu za Play Store kurekodi simu kwa kupitia huduma za kuwasaidia wenye ulemavu. Kwa hiyo usimalize bando lako huko.

Kinachofanya kazi ni kile kinachokuja na simu yenyewe. Kwenye Tecno yangu, mkiwa mnaongea unabonyeza kitufe cha kurekodi mara moja, basi. Sauti zote mbili zimo. Usiku nikitandika kitambaa nasikiliza upya, chaki mkononi, na panaponitatiza narudisha nyuma hata mara tatu. Nakipa nyota nne kati ya tano.

Ile nyota moja ni ya WhatsApp: simu za huko kitufe hiki hakizirekodi. Mteja wangu wa Muscat namwomba anitumie vipimo kwa ujumbe wa sauti.

Ule mpangilio wa kurekodi kila simu bila kubonyeza kitufe niliuzima baada ya wiki moja. Nilikuta mazungumzo yangu na mama mkwe yamo humo, nikaona haya. Vipimo vya mwili wa mtu navyo ni siri yake, kwa hiyo namwambia kwanza: "Dada, narekodi nisije nikakosea." Mmoja alikataa, nikaandika kwa mkono. Kwa wanaokubali, oda ikishakabidhiwa nafuta rekodi. Programu ya simu ya Google inawatangazia wote wawili kwamba mnarekodiwa. iPhone nayo, tangu toleo la mfumo wake iOS 18.1 la Oktoba 2024, inatangaza hivyo hivyo na kuhifadhi rekodi kwenye programu yake ya Notes. Watu wanalilalamikia tangazo hilo. Mimi ningelipenda, maana lingenipunguzia maelezo.

Yule wa satini amerudi mwezi uliopita na kitenge. Nilimwambia narekodi, akasema afadhali. Nikisikiliza sasa namsikia anavyotamka polepole: "Kifua thelathini na tisa, fundi. Tisa. Kumi kasoro moja."