Historia ya Kale au Tawasifu ya Kiongozi: Kipi Kinunuliwe Kwanza?

Msomaji mwenye fedha za kitabu kimoja tu, anayevutwa na historia ya kale na papo hapo na tawasifu ya kiongozi wa siasa, namshauri aanze na historia, mradi achague kwa uangalifu, kwani historia dhaifu hushindwa kwa mbali na tawasifu nzuri.

Nafasi ya kwanza naipa historia inayoshughulikia eneo moja kwa kina, kama vile bonde la mto Nile, Mesopotamia au Roma. Hapo mwandishi hupata nafasi ya kueleza jinsi watu walivyolima, walivyotozwa kodi na walivyozika wafu wao, badala ya kupanga majina ya wafalme tu. Ikiwa kitabu kinahusu Misri, kabla ya kulipa tafuta Kushi, ufalme wa kale uliokuwa kusini mwa Misri, katika faharasa. Wafalme wa Kushi, wakiwamo Piye na Taharqa, waliitawala Misri kama nasaba ya 25 katika karne ya 8 na ya 7 KK. Kitabu kinachowapitia kwa aya moja hakistahili fedha zako. Chunguza pia mwaka kilipoandikwa, wala si mwaka kilipochapishwa upya. Maandishi ya Linear B ya Ugiriki ya kale yalifumbuliwa na Michael Ventris mwaka 1952, kwa hiyo kitabu kilichotangulia mwaka huo, hata kikivishwa jalada jipya, hakina habari hizo.

Ya pili ni tawasifu ya kiongozi aliyepata muda wa kuyatafakari maisha yake. Nelson Mandela alianza kuandika yake kwa siri gerezani Robben Island katika miaka ya 1970, nayo ikachapishwa mwaka 1994. Hapa la kuangalia zaidi ni kipindi kinachosimuliwa. Kumbukumbu za Ulysses S. Grant, jenerali aliyekuja kuwa rais wa Marekani, zilizoanza kutoka mwaka 1885, zinahusu hasa vita, wala hazisimulii urais wake wa 1869 hadi 1877. Tawasifu ya Kwame Nkrumah ilitoka mwaka 1957, Ghana ilipopata uhuru, hivyo anayetaka kujua habari za kupinduliwa kwake mwaka 1966 atafute kitabu kingine.

Ya tatu ni historia inayokusanya ulimwengu mzima wa kale katika juzuu moja. Inafaa kwa marejeo, lakini kuisoma mfululizo kunachosha, kwa kuwa dola huinuka na kuanguka kabla msomaji hajazizoea.

Mwisho kabisa naziweka tawasifu zinazotolewa kuelekea uchaguzi, ambazo nia yake ni kutafuta kura. Hizo ziazimwe maktaba.

Historia ni vyema inunuliwe ya karatasi, kwa sababu ramani zake hazisomeki vizuri kwenye skrini ndogo ya simu. Tawasifu haina shida hiyo, na pale kiongozi mwenyewe anapoisoma kwa sauti yake, ningechagua toleo la kusikiliza.