Sensa mpya ya oksijeni kwenye IST yangu: nilivyoipima, nilivyoinunua na kama imestahili bei yake

Nianze na jibu, maana wengi wanaotafuta habari hizi taa ya injini imeshawawakia na wanataka kujua mfuko utaumia kiasi gani. Nimefunga sensa mpya ya oksijeni, kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi ili kompyuta ya gari ijue imwage mafuta kiasi gani. Ni ya Denso, kampuni ya Japani, na gari ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ-FE. Nimelipa shilingi 185,000 kwa sensa, na ingekufa kesho ningenunua nyingine ya aina hiyo hiyo. Ila kifaa ninachokisifia kuliko vyote katika kazi hii ni mita ya umeme ya shilingi 20,000, ile ndogo ya njano inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme. Hiyo ndiyo iliyoniokolea pesa.

Dalili kwanza. Asubuhi gari likiwashwa, ekzosi inatoa harufu kali ya petroli, na kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta) inatetemeka kidogo. Taa ya injini inawaka, ikizimwa kwa mashine inarudi. Kubwa zaidi ni ulaji wa mafuta, na hapa ndipo penye fumbo: nikienda Morogoro gari linakula kama siku zote, nikikaa foleni ya Mwenge au Ubungo linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Kila fundi niliyemweleza jambo hili alilipita juu juu, wakati jibu lote lilikuwa humo.

Gereji ya kwanza walisema plagi za kuwashia injini. Plagi zilikuwa za muda, sikuona shida kubadilisha, na hakuna kilichobadilika. Gereji nyingine walisema masega (kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi) yameziba, yatolewe, na aliyenishauri akaongeza kwa upole kuwa anaye mteja wa kuyachukua. Naam, wateja wa masega hawakosekani mjini: ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na mwenye gari akishaambiwa hayana kazi huyaacha gereji bure. Lakini gari ambalo masega yake yameziba hukosa pumzi unapolikanyagia barabara kuu, kwa sababu moshi hauna pa kutokea. Langu barabara kuu ndiko lilikokuwa zima. Nikamwambia, "Fundi, masega yaache yakae." Akacheka, akasema, "Sawa bosi, gari lako."

Nikaenda kwa fundi umeme mwenye mashine kubwa inayosoma Toyota za soko la ndani la Japani. Hili nalisisitiza kwa wenye magari ya umri wa langu. Vile vipimo vidogo vya bluetooth vya kuchomeka chini ya usukani ni vizuri kwa magari mapya, lakini kwa Toyota nyingi za Japani za miaka ya mwanzo ya 2000 hugoma kuongea na kompyuta ya gari mpaka uingize maelekezo maalumu kwenye programu ya simu, na bado havisomi kila kitu. Nilikuwa nacho, kikanigomea. Kwa fundi umeme nililipa 30,000, na ilikuwa pesa halali.

Mashine ikatoa namba ya hitilafu P0135. Watu wengi wakiiona namba hii hukimbilia dukani. Namba hiyo haisemi "sensa imekufa". Inasema kuna hitilafu kwenye njia ya umeme ya hita (kipasha joto) ya sensa ya kwanza, ile iliyo kabla ya masega. Njia hiyo ina fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), waya, plagi ya waya, hita yenyewe, na mwisho kompyuta inayoiwasha na kuizima. Chochote kati ya hivyo kikikatika, namba ni ile ile.

Kwa nini sensa iwe na hita? Ncha yake ni kauri ya zirkonia, na kauri hiyo haitoi ishara ya kuaminika mpaka ifikie joto la kama nyuzi 300 za Selsiasi na kuendelea. Ikishapata joto, inalinganisha oksijeni iliyobaki kwenye moshi na ile ya hewa ya nje, kisha inatoa umeme mdogo: karibu volti 0.9 mafuta yakizidi, karibu 0.1 hewa ikizidi. Kompyuta inautazama umeme huo ukipanda na kushuka, huku ikiongeza na kupunguza mafuta, ili uwiano ubaki karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Hita ikifa, sensa inabaki kutegemea joto la moshi peke yake. Barabara kuu moshi ni wa moto, sensa inafanya kazi. Foleni injini ikiwa sailensa, moshi unapoa, sensa inapoa nayo, inanyamaza. Kompyuta ikikosa taarifa inapima mafuta kwa makadirio yake ya akiba, na mara nyingi makadirio hayo huegemea upande wa kumimina zaidi.

Fundi umeme alinionyesha hilo kwenye kioo cha mashine. Gari likiwa limetoka kutembea, mstari wa volti ulikuwa unacheza juu na chini, na pembeni herufi CL, kwamba kompyuta inaifuata sensa. Tukaliacha sailensa, tukapiga soga. Baada ya muda mstari ukalegea, ukalala, na herufi zikageuka OL, yaani kompyuta imeiacha sensa na inajiendea yenyewe. Kwa mara ya kwanza nikaona Morogoro na Mwenge vimeelezwa kwa picha moja.

Kipimo cha hita nilikifanya mwenyewe nyumbani, injini ikiwa ya baridi. Sensa ina waya nne. Kwenye za Denso, mbili nyeusi ndizo za hita, ya bluu ni ya ishara na nyeupe ni ya kurudishia. Unachomoa plagi yake, unaweka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), unagusa pini za zile nyeusi mbili. Hita nzima ya sensa ya aina hii kwenye Toyota husoma kati ya omu 11 na 16 hivi, ikiwa ya baridi. Yangu haikusoma chochote, waya wa ndani umekatika. Kisha nikageukia upande wa gari: ufunguo ukiwa umewashwa, pini moja ya hita inatakiwa ionyeshe volti za betri. Zilikuwepo, maana yake fyuzi na rilei ni wazima. Hapo ndipo nilipoamini kuwa ni sensa. Kama mita ingesoma omu 13 na upande wa gari hakuna volti, ningekwenda kuangalia fyuzi, na gharama ingeishia kwenye mia tano.

Gerezani, ule mtaa wa spea za magari Dar es Salaam, nilikwenda na mita mfukoni. Wauzaji wengine wananuna ukitoa mita mbele ya kaunta, wengine wanafurahi. Kijana mmoja wa spea za mtumba alinimwagia sensa mezani akasema, "Pima kaka, uchague." Ya kwanza hita imekatika. Ya pili inasoma vizuri, ila ncha ina ukungu mweupe. Weupe huo mara nyingi unatokana na gundi ya silikoni ambayo mafundi wetu wanapenda kuipaka kila penye gasketi. Mvuke wake ukiingia kwenye injini unaishia kwenye sensa na kuifisha taratibu. Ya tatu hita nzima, ncha nyeusi ti kwa masizi, na yeye anataka 50,000. Hita ikiwa nzima hujajua bado kama kauri inaitikia haraka, na hilo huwezi kulipima kaunta. Mimi sensa ya mtumba siinunui, hata kwa nusu ya bei hiyo. Boneti ya mtumba sawa, taa ya mtumba sawa. Kitu kilichoungua kwenye moshi wa gari la mtu mwingine kwa miaka kumi na tano, hapana.

Duka jingine, ambalo silitaji, lilinipa boksi zuri lenye jina la Denso kwa 70,000. Maandishi ya kwenye chuma cha sensa yalikuwa yamepigwa wino tu, nikayasugua kwa kidole yakaanza kutoka. Mita ikasoma omu 6. Nikairudisha kwenye boksi, nikashukuru, nikaondoka. Sensa halisi niliyokuja kuinunua baadaye imechongwa maandishi, ncha imefunikwa kofia ya plastiki, nyuzi za kukazia zimeshapakwa grisi yake maalumu kutoka kiwandani, na hita inasoma omu 12 na nukta kidogo. Hiyo niliipata duka jingine tena, nikasubiri iagizwe, na kungoja kulinikera, lakini muuzaji alinikubalia kupima kabla ya kulipa.

Jambo la namba. Ile ya zamani ilikuwa na namba ya Toyota inayoanzia 89465. Namba zinazoanzia 89467 ni za sensa ya aina nyingine, ile inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwa upana zaidi, na ingawa plagi zinaweza kufanana, kompyuta haizielewi kwa namna moja. Soma namba kwenye sensa yako uliyoitoa, usikubali "hii inaingia kwenye IST zote". Muuzaji wa pili alinihakikishia hivyo akiwa ameshika 89467.

Kuna pia zile za kuunga waya, ambazo hazina plagi. Unakata plagi ya zamani na kuunganisha. Ni rahisi zaidi, lakini ukizinunua usichomelee waya kwa risasi. Sensa nyingi za aina hii huvuta ile hewa ya nje ya kulinganishia kupitia katikati ya nyuzi za waya, na risasi inaziba njia hiyo. Zinabanwa kwa viunganishi vya kuminya. Mimi nilichagua yenye plagi yake na sijutii tofauti ya bei.

Kufunga: kwenye IST sensa ya kwanza iko nyuma ya injini, upande wa ukuta unaotenganisha injini na abiria, na mkono unaingia kwa shida. Fundi wangu alipasha injini dakika chache, akazima, akapulizia dawa ya kulegeza, akasubiri, kisha akatumia ile soketi ya 22 yenye mwanya wa kupitishia waya. Kama gereji haina soketi hiyo, tafuta gereji nyingine. Nimeona IST ambayo nyuzi za kukazia za kwenye manifodi (bomba la moshi linaloanzia kwenye injini) zimeng'oka kwa sababu mtu alitumia spana ya bomba, na kutengeneza upya hapo kunagharimu kuliko sensa. Yangu ilitoka baada ya mlio mmoja wa kutisha. Mpya ikaanzishwa kwa vidole, ikakazwa kwa mkono wa kawaida bila kuongezea bomba kwenye spana. Toyota inataka nguvu ya kukaza ya kama Nm 44 (niutoni-mita), ambayo si nguvu ya kuning'inia. Na ncha haiguswi kwa mafuta wala grisi. Ufundi nililipa 20,000.

Matokeo niliyaona siku ile ile kwa fundi umeme, aliyenifutia ile namba na kunionyesha tena kioo bila kunidai. Injini ikiwa sailensa, mstari unacheza kati ya 0.1 na 0.9 na CL haiondoki hata tukikaa. Harufu ya asubuhi imepungua sana, haijaisha kabisa, kwa kuwa injini ya baridi lazima imiminiwe mafuta kidogo. Ulaji wa mjini umetoka kama kilomita 10 kwa lita hadi karibu 12. Wanaodai sensa mpya itakupunguzia mafuta nusu kwa nusu wanauza sensa. Morogoro hakuna tofauti yoyote niliyoiona, na sikuitegemea.

Malalamiko yangu kwa bidhaa yenyewe ni mawili. Klipu ndogo ya kushikilia waya usiguse ekzosi haikuja kwenye boksi, ikabidi tuhamishe ya zamani ambayo ilikuwa imeshachoka. Waya ukining'inia hapo unaungua. Na bei ni kubwa kwa kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Nikijumlisha kipimo, sensa na ufundi nimetoa 235,000, bila kuhesabu mita wala zile plagi za mwanzo.

Sensa ya pili, ya baada ya masega, fundi alitaka tuibadilishe pia "ziwe pea". Nikaipima: omu 13. Kazi yake kubwa ni kuyachunguza masega, haihusiki na ulaji wa kila siku kama ya kwanza. Nimeiacha ilipo.