Multimita ya kawaida kwenye pikapu kuukuu: uzoefu wangu

Multimita ninayoizungumzia, yaani kifaa cha kupima umeme, ni ile ndogo ya dijitali, yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Nimeitumia kwenye pikapu yangu kuukuu iliyokuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja: stata ilizunguka kwa uvivu, mara nyingine ikagonga "ta!" na kunyamaza, na usiku taa zilififia. Kila aliyefungua boneti alikuwa na dawa yake. Huyu badilisha betri, yule stata imekwisha, mwingine altaneta (mzalishaji wa umeme wa gari) haichaji. Mita iliwapinga wote watatu.

Betri iliyolala bila kuguswa ilisoma volti 12.5. Iliyojaa husoma kama 12.6, na 12.2 ni kama nusu, kwa hiyo hapo hapakuwa na kesi. Ila kipimo hicho peke yake kinadanganya, maana betri iliyochoka huweza kuonyesha namba nzuri ikiwa imetulia, halafu ikaporomoka ikipewa mzigo. Nikachomoa waya wa kuwashia ili injini isiwake, mwenzangu akapiga stata, nami nikapima kwenye vichwa vya betri: 10.6. Ingeshuka chini ya 9.6 ningeishuku. Betri nzima.

Kisha nikapima kwenye stata yenyewe, kati ya nati yake nene na bodi yake, ikiwa inazunguka. 8.7! Karibu volti mbili zilikuwa zinapotea njiani, na hakuna macho yanayoweza kuona hilo. Ili kujua zinapotea wapi, unaweka ncha moja mwanzo wa njia na nyingine mwisho wake, umeme ukiwa unapita. Namba unayoiona ndiyo inayopotea hapo. Upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi nati ya stata, nilipata 0.4. Kwa gari la umri huu naivumilia. Upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi betrini kupitia vyuma vya gari, kutoka kichwa cha hasi hadi bodi ya stata, 1.5. Upande huo haupaswi kuzidi kama 0.2. Waya wa ethi kati ya injini na chasisi ulionekana safi kwa nje, lakini chini ya bolti palikuwa na kutu na rangi. Msasa, waya mpya mnene, na stata "iliyokufa" ikaanza kuzunguka kwa nguvu.

Angalizo: usipime waya hizo kwa kutafuta ohomu (kipimo cha ukinzani wa waya). Nyuzi chache tu zikibaki zimeshikana, mita itakuonyesha karibu sifuri, na waya huohuo ukishindwa kubeba mzigo wa stata.

Taa bado zilififia. Injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa, nyuma ya altaneta nilipata 14.3, lakini kwenye betri 13.3 tu. Altaneta na katauti yake (kidhibiti cha chaji) zilikuwa zinafanya kazi. Mzalishaji hana kosa, msafirishaji ndiye mwizi. Nikafuata waya mnene kutoka altaneta hadi betri, nikakuta plagi imeungua ikawa ya kahawia, na 0.9 inaishia hapo. Kabla ya kufunga boneti nikageuza mita kwenye volti za AC (umeme unaogeuka mwelekeo mbele na nyuma), bado kwenye betri: 0.05. Ikipita 0.5 dayodi za altaneta, zinazogeuza AC yake kuwa umeme wa betri, hushukiwa, na zikiwa mbovu huweza kunyonya betri hata gari likiwa limezimwa.

Kasoro zake zipo. Kioo ni kivivu: stata ikizunguka kidogo tu namba zinarukaruka kabla hujasoma. Ukinunua, tafuta yenye kitufe cha kushika kiwango cha chini kabisa, yangu haina. Nyaya zake ni fupi, huwezi kufika kwenye stata na betri kwa pamoja bila kuunga waya wa ziada. Haina taa ya kioo, na chini ya gari ni giza.

Upande wa ampea (kiasi cha umeme unaopita), tundu la 10A linatosha kutafuta umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Chomoa waya wa hasi wa betri, unganisha mita kati ya waya huo na kichwa cha betri, funga milango, usubiri. Yangu ilisoma miliampea 30, na hadi 50 huwa sina wasiwasi. Lakini usithubutu kupiga stata, wala kufungua swichi na kuwasha taa, mita ikiwa hapo katikati. Stata hula zaidi ya ampea mia, na fyuzi ya ndani ya mita itakwenda papo hapo. Katika mita duni zisizo na fyuzi kwenye tundu hilo, kitakachoungua ni mita yenyewe, pengine na vidole vyako.

Kwa ampea za stata utahitaji mita ya kubana waya. Hapo uulize kabla ya kulipa, kwa sababu nyingi za bei ya chini hupima AC peke yake, na umeme wa betri ni DC (unaokwenda upande mmoja tu).