Majani ya New York: Achaneni na Basi, Kateni Tiketi Hii

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Mnanisikia vizuri? Huku juu darajani kuna upepo. Wifi yangu, wewe mwenye kamera, sauti inaingia? Haya.

Leo sina simu mpya wala sufuria. Leo nachambua tiketi, hii hapa mkononi mwangu. Tiketi ya treni ya Metro-North, njia inayofuata mto Hudson, kutoka stesheni ya Grand Central pale Manhattan mpaka mji wa Poughkeepsie. Nasema mapema ili hata anayeondoka sasa hivi aondoke na kitu: ukitaka kuona majani yanavyogeuka rangi New York, kata tiketi hii, panda, kaa upande wa kushoto. Kushoto! Nitalirudia hilo mpaka mlikariri.

Kwa nini nimepania hivi? Mwaka jana nililipia safari ya basi. Kampuni siitaji. Tuliahidiwa kuzungushwa milimani, tukakaa kwenye foleni ya magari saa tatu nzima, tukafika miti imeshapukutika, matawi meupe kama miiba ya samaki. Tukapewa dakika arobaini, nusu yake tukaimalizia kwenye foleni ya choo. Nilikuwa na mama mkubwa, amekuja kunitembelea kutoka Tanga, akanigeukia akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ndiyo haya uliyokuwa ukinisimulia?" Iliniuma. Mpaka leo inaniuma.

Na kosa halikuwa foleni tu, lilikuwa tarehe. Rangi hii inashuka kutoka kaskazini. Inaanzia milima ya Adirondack mwisho wa Septemba, inakuja Catskill katikati ya Oktoba, bonde la Hudson inashika wiki mbili za mwisho za Oktoba, na mjini kwenyewe inachelewa mpaka mwanzoni mwa Novemba kwa sababu mji una joto lake. Sisi tulipelekwa juu milimani Novemba! Jimbo lenyewe hutoa taarifa ya rangi kila wiki msimu huu, eneo kwa eneo. Isomeni kabla ya kutoa hata senti.

Sasa safari. Dakika ishirini za mwanzo msitoe simu, ni handaki na majengo. Mkishatoka Manhattan mto unajitokeza kushoto, na hauondoki tena. Reli imelazwa ukingoni kabisa, kuna mahali unaona maji chini ya dirisha kama umepanda boti. Ng'ambo ndiyo kuta za mawe za Palisades, miti imesimama juu yake imepangana, manjano, chungwa, nyekundu iliyoiva. Baada ya Peekskill milima inasogea pande zote mbili, unapita daraja la Bear Mountain, ukifika Garrison unaiona West Point, chuo cha jeshi, imekaa juu ya mwamba. Mbele ya Cold Spring kuna kisiwa kidogo chenye gofu la ngome. Wengi hudhani ni la mfalme, kumbe lilikuwa ghala la silaha la mfanyabiashara mmoja, Bannerman. Yote hayo yako kushoto. Walioketi kulia leo walikuwa wanatazama ukuta wa mawe na migongo yetu.

Na nyie wa pwani mtaupenda mto huu kwa jambo moja zaidi: unajaa na kupwa. Maji ya bahari yanausukuma mpaka Troy, kilomita zaidi ya 200 ndani ya nchi kavu. Asubuhi tumepita Tarrytown maji yamekupwa, tope linaonekana, nikasikia harufu ya nyumbani.

Wifi, sogea sasa. Sogea kabisa. Hili ndilo nililotaka kuwaonyesha kuliko yote. Hili jani ni la maple, mti ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Nimeligeuzia jua mgongo. Mnaliona? Jekundu, zuri, basi. Sasa nageuka, jua liwe nyuma ya jani. Tazameni! Limewaka kama kandili. Vishipa vyote vinaonekana, hiki cha katikati bado kina ukijani, na hapa kwenye ncha nyekundu inakwenda kwenye zambarau. Jani lile lile, sikugusa kitu. Nageuza tena... limezima. Nageuza... limewaka.

Manjano ilikuwamo humu tangu jani lilipochipua, imefunikwa na kijani. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza ile klorofili, kijani kinaondoka, manjano inabaki. Nyekundu ni habari nyingine, hiyo inatengenezwa sasa hivi, kwa sukari iliyonaswa ndani ya jani. Mchana wa jua kali na usiku wa baridi isiyogandisha, ndiyo nyekundu inakolea. Mkiniona nafuatilia hali ya hewa kama mvuvi, ni kwa ajili hiyo.

Halafu msiseme kwetu hayapo. Mkungu je? Nimefagia majani ya mkungu utoto wangu wote, mapana, mekundu hivi hivi, na sikuwahi kuliinua hata moja nikalitazama juani.

Kuna chaneli, sizitaji, zinapandisha rangi kwenye kompyuta mpaka mti unakuwa kama pipi. Mtu anasafiri, anafika, anaona mti wa kweli, anahuzunika! Hapa sijaongeza hata chembe. Na kwa kuwa nimegusa chaneli: kuanzia sasa video zinatoka Jumapili, na wiki ijayo ni makoti ya baridi, mmeniomba sana. Sabskraibuni msipitwe.

Bei. Jumamosi na Jumapili nauli ni ile ya chini, siyo ya saa za kazini. Kateni stesheni au kwenye simu, ukinunua ndani ya treni unalipa zaidi. Mimi haikufika nusu ya nilichowapa wale wa basi. Na hapa niliposimama, daraja la Walkway Over the Hudson, ni bure. Lilikuwa la reli, la mwaka 1889, likaungua 1974, tangu 2009 ni la watu wa miguu. Kilomita mbili, mto uko mita 65 chini yangu. Wifi hataki kusogea ukingoni, msimlaumu.

Nilikuwa nawaambia bustani za mjini ni za kupitisha muda tu. Narudisha neno langu, lakini nusu. Central Park bado naona watu wengi kuliko majani. Ila Inwood Hill, kule juu kabisa Manhattan, ni msitu wa kweli, na Bustani ya Mimea ya Bronx ina ekari 50 za msitu wa kale, ingawa pale kuna kiingilio. Aliyekosa Oktoba aende huko Novemba, hatajuta. Mama mkubwa angekaa wiki moja zaidi ningempeleka.

Neno la mwisho kuhusu kiti. Kurudi, mto unakuwa kulia. Na jioni jua linashukia ng'ambo, kwa hiyo miti iliyo kati yenu na maji yote inakuwa na jua nyuma yake, kama jani hili. Ndiyo maana kurudi ni kuzuri kuliko kwenda. Treni yetu ni ya saa kumi na watu wameshaanza kuteremka. Wifi, zima, twende tukawahi upande wa kulia.